Tusi la Asubuhi la Nieba Kone

Sitan Traore alifundisha darasa la sita mjini Koutiala mpaka vumbi la chaki likamwingia kwenye sauti. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye kilemba kilichomtangulia mlangoni, na aliamini kwamba dunia ilianza kuoza siku watu walipoacha kutukanana vizuri.

Maana ukoo wa Traore na ukoo wa Kone ni watani tangu enzi za mababu. Zamani ukikutana na Kone sokoni hukumwacha apite hivi hivi kama mkokoteni. Ulimwita mla kunde, naye akakuita mtumwa wake, mkacheka, ndipo mkaulizana habari za wagonjwa. Siku hizi watu wanatabasamu kama makarani wa benki, kisha wanainamia simu.

Aliyebaki na adabu hizo ni mwanafunzi wake, Nieba Kone, mtoto ambaye akili yake ilikuwa na njia zake. Kengele ikilia, aliziba masikio. Ukihamisha dawati lake, alikaa sakafuni pale lilipokuwa. Na darasani hakuingia mpaka atukanwe.

"Mla kunde wewe," Sitan alimwambia kila asubuhi mlangoni, "unanuka kunde mpaka kwenye nyusi."

"Mla kunde ni wewe," Nieba alijibu bila kumtazama. "Nenda ukanioshee sufuria."

Hapo aliingia, na siku ikaanza.

Nieba akafaulu, akapelekwa sekondari ng'ambo ya soko. Hata wiki haijaisha, mama yake akaja kwa Sitan, macho mekundu.

"Haingii, Mwalimu. Anasimama getini mpaka wenzake watoke. Mkuu amesema Ijumaa asipoingia, akae nyumbani mwaka mzima."

"Wanamwambia nini hapo getini?"

"Wanamkaribisha vizuri mno. Karibu binti yetu, jisikie nyumbani."

"Maskini mtoto," alisema Sitan, akakaza kilemba.

Mkuu wa sekondari alikuwa bwana mpole, mtu wa semina. Alimsikiliza Sitan huku akifuta miwani ambayo tayari ilikuwa safi.

"Nimtukane mtoto, Mwalimu? Shuleni kwangu?"

"Kwa adabu, lakini."

Wakaenda getini. Mkuu akakohoa, akatazama mbingu. "Mla kunde wewe," alisema.

Nieba alivitazama viatu vyake. "Wewe ni Kone. Mimi ni Kone. Sufuria yetu ni moja." Akaendelea kusimama.

Sitan akajipiga paja. Yeye, Traore mzima, alikuwa ameingia ofisini mwa mtu na kuanza mazungumzo bila kuuliza ukoo. Mama yake angekuwa hai, angemkana.

Shule nzima ilikuwa na Traore mmoja tu, Seriba, mwalimu kijana wa hisabati aliyelelewa ughaibuni. Alhamisi Sitan alimpeleka nyuma ya jiko kumfunza.

"Mla kunde wewe, samahani," alisema Seriba.

"Toa samahani."

"Mla kunde wewe, tafadhali."

Mpishi alicheka mpaka mwiko ukamtoka mkononi.

"Wazazi wako wazima?" Sitan aliuliza.

"Wazima, Mama."

"Wasalimie. Waambie wameniudhi."

Ijumaa Nieba alikuwa getini, mama yake amemshikia mkoba. Seriba akatokea, jasho likimchuruzika. "Mla kunde wewe," alisema, na safari hii hakuomba radhi. "Unanuka kunde..."

Akakwama. Mkuu akatazama saa. Mama Nieba akaukumbatia mkoba. Sitan alitamani kumsaidia kijana, akajiuma ulimi. Yeye hatakuwa getini hapa kila asubuhi.

Nieba alisubiri. Kisha, taratibu, kama anayemkumbusha mtoto mdogo, akasema, "Mpaka kwenye nyusi."

"Mpaka kwenye nyusi," alisema Seriba.

"Mla kunde ni wewe. Nenda ukanioshee sufuria."

Akauchukua mkoba, akampita, akaingia. Hakugeuka nyuma.

Sitan alibaki nje ya geti. Darasani kwake sasa kulikuwa na watoto wanaosema habari za asubuhi kwa pamoja, kama redio.

"Mwalimu," mkuu alimwita, "pita ndani unywe chai."

"Chai ya Kone? Si itakuwa na kunde ndani?"

Mkuu alitazama kulia na kushoto, kama mtu anayeogopa wakaguzi. Akavua miwani.

"Zimo," alisema. "Na ukimaliza, sufuria zinakungoja."

Sitan akaingia.