Maji ya Msiba

Doña Otilia Funes hakuwa mtu wa kupendeza, na sitamremba kwa sababu tu amekufa. Alikuwa na mdomo mkali, alisengenya watu mchana kweupe, na mbwa wake aliwahi kuning'ata bila yeye kuniomba radhi. Lakini miaka yote aliyoshika ufunguo wa maji wa mtaa wetu, hakuna aliyesema alimpendelea mtu. Kwa mji wetu wa Tegucigalpa, hilo si jambo dogo.

Mtaa wetu umeparamia mlima, kama mitaa mingine inayozaliwa hapa kila mwaka. Mji unakua, mabwawa ni yale yale. Kiangazi cha kisa hiki redio ilitangaza kina cha mabwawa kila asubuhi, kabla hata ya habari za mauaji, na kina kilikuwa kinashuka tu. Maji yakifika kwenye tangi la mtaa, Doña Otilia alitia ufunguo wake wa chuma kwenye koki akafungulia upande mmoja: zamu hii Chini, zamu ijayo Juu. Ukikosa kujaza pila yako, lile karo la zege la uani, basi ungoje majuma mawili, au ununue ya lori. Na malori hayapandi kwetu.

Zamu ilivunjwa kwa jambo moja tu: msiba. Nyumba yenye maiti ilipewa maji siku hiyo hiyo, maana maiti lazima aoshwe na waombolezaji lazima wanywe kahawa. Ulikuja ukasema "tumefiwa", Doña Otilia akafanya ishara ya msalaba, akafungua. Hakuuliza cheti. Nani angekuwa na uso wa kudanganya jambo kama hilo?

Siku ninayoisimulia ilikuwa zamu yetu wa Chini. Mimi nauza tortila, chapati za mahindi. Nilikuwa nimeshaomba maji ya kuchemshia mahindi kwa kila jirani mwenye roho nzuri, na roho nzuri zilikuwa zimeniishia. Tukapanga ndoo. Bomba likakohoa hewa, likanyamaza. Mara mtu akapiga kelele kutoka juu ya paa: "Maji yako Juu! Wamefunguliwa Juu!"

Tukapanda mlima kwa hasira. Mbele alikuwa Delmer, mchomelea vyuma, na kipande cha nondo mkononi. Doña Otilia tulimkuta kwenye kigoda chake, chini ya tangi.

"Nani kakwambia ufungulie Juu?" Delmer akauliza.

"Nahún wa huko Juu kafiwa. Mama yake, Doña Tránsito, katutoka asubuhi hii. Vua kofia."

Delmer hakuvua. "Dada yangu kapakana naye ukuta kwa ukuta. Huyo bibi leo asubuhi kanywa kahawa, na matusi kamtukana! Maiti gani anatukana?"

"Nahún hawezi kunidanganya."

"Basi twende tukamwone. Akiwa amekufa, jeneza nitabeba mimi peke yangu. Akiwa hai, Nahún atalala humo yeye."

Doña Otilia akafunga koki, akatupa ufunguo begani. "Twendeni. Ila ndani naingia mimi kwanza." Njiani nikachukua mkate dukani, maana kwenda msibani mikono mitupu ni aibu, hata kama unakwenda kupigana.

Nahún alikuwa mlangoni, mikono imelowa hadi viwikoni. Alipoiona ile nondo akajibanza ukutani. Doña Otilia akampita bila salamu, nami nikajipenyeza nyuma yake na mkate wangu.

Chumba kilinuka sabuni. Doña Tránsito alikuwa amelala ubavu kwenye shuka mbichi, nywele zimechanwa, vidonda vya mgongo vimesafishwa. Kando ya kitanda, maji ya ndoo yalikuwa meusi. Macho yake yalikuwa wazi.

"Otilia," akasema kwa sauti ndogo, "mwanangu ameniogesha."

Doña Otilia akashika mwimo wa mlango. Nilimwona. Hakuwa akijua.

"Alikuwa ananuka, doña," Nahún akanong'ona nyuma yetu. "Mama yangu mzazi. Nzi walikuwa wanamfuata. Zamu yetu bado wiki nzima. Ningefanyaje?"

Nje Delmer akagonga bati kwa nondo. "Yupo maiti au hayupo?"

Nilidhani angedanganya. Mimi ningemfunika yule bibi shuka usoni na kuanzisha sala. Yeye akatoka akasimama mbele ya mlango.

"Yu hai," akasema.

Watu wakanguruma. Delmer akainua nondo, akapiga hatua.

"Na nilijua yu hai! Nahún hakuniambia kafiwa. Nimefungua kwa kupenda kwangu. Mkitaka wa kumpiga, mimi hapa." Akautupa ufunguo miguuni pa Delmer.

Mtu akasema "mwizi", na mwingine akadakia. Delmer akatema mate chini, akainama, akaokota ufunguo, akaenda zake. Jina la mwizi likamganda Doña Otilia tangu siku hiyo. Mimi nimeeleza nilichokiona mpaka nimechoka, watu hunijibu, "Wewe shoga yake." Mimi, niliyeng'atwa na mbwa wake!

Delmer ndiye anayefungua koki hadi leo, na zamu anazifuata sawasawa. Ila sasa neno "tumefiwa" halitoshi. Ni lazima wanawake wawili wa upande mwingine waje wahakikishe.

Doña Otilia alikufa kiangazi hiki, mabwawa yakiwa yamekauka tena. Jua lilikuwa kali, na binti yake hakuwa na hata kikombe cha maji ya kumfuta uso. Wakaja wale wawili. Mmoja alimfunua shuka, akamfinya unyayo. Mwingine akatoa kioo kwenye mkoba, akakiweka puani mwake, akangoja. Binti alisimama pembeni akitazama. Nilitaka kumzaba yule mwanamke kofi, haki ya Mungu, nikauma meno.

Akakitazama kioo, akakifuta kwenye sketi. "Haya," akamwambia mwenzake, "kamwambie Delmer ni kweli."