Ukuta wa Mjapani na Mchina

Siku yangu ya kwanza kazini, pale mtaani Keko, Fundi Mkuu hakuniuliza nimesoma mpaka wapi. Bahati yangu, maana shule niliiacha ningali naandika kwa penseli. Alinipa stata iliyoungua, yaani lile ganda la chuma linalobeba nyaya za mota, akaniambia nitoe waya wote bila kukwaruza chuma. Namaliza, vidole vinavuja damu. Akasema, "Kesho uje."

Kazi yetu ilikuwa kusuka mota: unatoa waya ulioungua, unatia mpya, unamwagia vanishi, unakausha. Wateja ni maseremala wa jirani na mashine zao za randa. Kwa kila mota tuliyosuka, fungu moja la waya wa zamani tulilitundika ukutani. Kushoto la mota ya Mjapani, kulia la Mchina. Nyie mnaotazama michoro ya uzalishaji wa viwanda kwenye simu, msitucheke. Huo ukuta ndio uliotuambia nani anatengeneza nini huko Asia.

Mwanzoni kushoto kulijaa mpaka tukaongeza misumari. Mota ya Mjapani ilikuwa nzito, shaba yake nene, mtu anaibeba huku anatukana. Kulia kulikuwa ukuta mtupu. Kisha za Mchina zikaanza kuja moja moja, kama mgeni anayepiga hodi. Baadaye zikaja kama ndugu wa bwana harusi.

Fundi Mkuu akachukia. Ndani ya nyingi alikuta waya wa aluminiamu, mwembamba, badala ya shaba. Akatangaza hasuki makopo ya Mchina. Maseremala wakawa wanapita mlangoni kwetu na mota zao begani, wanakwenda kwa mwingine. Banda likapoa. Wenzangu wawili waliishia sokoni Tandale kubeba magunia. Mie nina watoto Temeke, nikajua zamu yangu inakuja.

Nikamfuata kumwomba tuzipokee za Mchina. Akanionyesha ukuta.

"Huoni zinavyokufa? Upande mzima makaburi."

"Mkuu, penye makaburi mengi ndipo penye watu wengi. Za Mjapani hazifi kwa sababu siku hizi haziji."

"Mchina kakupa mke wewe, unamtetea hivyo?"

"Natetea ugali wangu. Na ulinisimulia mwenyewe, marehemu baba yako alimcheka Mjapani vivyo hivyo. Akasema vitu vyake ni vya watoto kuchezea."

Akasema nikitaka kusuka makopo nikasukie nje, asiyaone bandani mwake.

Nikatoa meza barazani. Aluminiamu natoa, natia shaba kwa mkono ule ule niliofundishwa kwenye mota za Mjapani. Ganda la Mchina, utumbo wa Keko. Maseremala wakarudi, na ile meza ya nje ndiyo iliyolisha banda zima. Fundi Mkuu alikuwa akipita kila asubuhi, anasalimia wateja, meza haioni.

Jumatatu moja akaja na kitu kimefungwa kwa kanga ya mkewe, akakiweka mbele yangu. Pampu ya maji, ya Mchina, imeungua.

"Ya jirani," akasema.

"Na kanga ni ya jirani?"

Maseremala waliangua kicheko. Yeye akavuta kigoda, akakaa nje kwa mara ya kwanza. Nilipoanza kutia waya akanisukuma kwa kiwiko. "Sogea. Unakaza mno." Tukaisuka wawili. Jioni aliibeba meza mwenyewe, akairudisha ndani.

Fundi Mkuu tumeshamzika, na mie nimestaafu. Nikipita Keko vijana wananipa shikamoo, kisha wananiuliza kati ya wale wawili nani mshindi. Nawaambia Mjapani niliyemkuta alikuwa mfalme, na Mchina kampita kwa wingi mpaka ukuta ukatushinda. Siku hizi wakifungua ya Mchina naona shaba nene humo humo. Sishangai. Hata mie nilianza kwa kuchubuka.

Siku ile ya pampu, Fundi Mkuu alichukua nyundo na lile fungu la waya lililoungua. Nilidhani anakwenda upande wa kulia, kwa Mchina. Akapiga msumari kushoto, kwa Mjapani, akalitundika, akaenda kunawa mikono. Bado lipo: aluminiamu nyeupe, katikati ya shaba iliyopiga weusi.