Gita la Mkono wa Kushoto

Shuleni nilichapwa viboko kwa kuandika kwa mkono wa kushoto. Wakaniita Mashoto, nikazoea. Lakini magita yote madukani yalikuwa ya watu wa mkono wa kulia, nikaamua kujitengenezea langu. Shingo niliinunua kwa fundi redio, sumaku za kunasa sauti nikazipata kwenye gita bovu sokoni, kiwiliwili nikakichonga kwa ubao wa mlango wa zamani. Miezi minane!

Jana nimerudi kazini, namkuta kaka yangu sebuleni analipiga, meno yote nje. Alikuwa amezifungua nyuzi zote na kuzipanga upya, za mkono wa kulia. Hata kile kipande cha mfupa kinachozishikilia shingoni alikuwa amekikereza kwa tupa ili zikae.

"Ulizifunga kinyume, mdogo wangu. Nimekurekebishia."

Damu ikanichemka. "Nani kakutuma?"

"Kumbe! Shukrani ya punda kweli ni mateke."

Nikamnyang'anya gita, nikamfungulia mlango.

"Basi toka haraka, kaka," nikamwambia, "maana punda huyu anapiga teke la kushoto."