Nani Aliigusa?

Kati ya duka langu la matairi na saluni ya Rowena Tackett kuna ukuta wa mbao tu, na kwa miaka kumi na minane nimesikia umbea wote wa wilaya hii bila kukaa kwenye kiti chake hata mara moja. Kwa hiyo nikisema Rowena alikuwa na mdomo, najua ninachosema. Nani kaachwa, nani mjamzito, mchungaji kanunua mashua ya nini. Ukitaka jambo lifike kila kona kabla ya chakula cha mchana, ulimwambia yeye na kumsihi asimwambie mtu.

Kazini, lakini, hakuwa na mzaha. Mteja akikaa, hakushika mkasi kwanza. Alizamisha vidole vyote kumi kwenye nywele, akapapasa kichwa kizima taratibu. "Sijakugusa, sijui," ndivyo alivyowajibu wenye haraka. Kwa vidole hivyo alipata uvimbe nyuma ya sikio la Opal Lindqvist, na daktari akasema ungeachwa miezi michache tu, tungekuwa tunazungumza mengine. Tangu hapo Opal alikuwa mteja wake wa kila Ijumaa.

Kisha ikaja Novemba ile. Upepo wa kaskazini ulivuma, waya wa kampuni ya umeme ukachomoka kwenye mnara ulio juu ya Dogwood Flat, nyasi kavu zikashika moto, na kufikia saa nne asubuhi kijiji hicho kizima cha mlimani kilikuwa majivu. Watu kumi na wanane walikufa. Garth, mume wa Opal, alikutwa barabarani ndani ya gari lake, pamoja na mbwa wawili wa jirani aliorudi kuwachukua.

Kampuni ilituma wasemaji, wamevaa makoti ya kazi mapya kabisa, waje kutuambia ni upepo. Upepo! Upepo huo umevuma hapa kila mwaka tangu babu yangu ana meno yote.

Majira ya baridi wilaya ikaita baraza la raia: watu kumi na tisa wa kawaida, wanasikiliza ushahidi milango imefungwa, halafu wanaamua kama mhusika ashtakiwe au aachwe. Wanaapa kutotoa neno nje. Likitoka, mawakili wa upande wa pili wanaweza kuivunja kesi yote. Na mmoja wa walioitwa alikuwa nani? Rowena. Nilicheka mpaka nikaangusha jeki.

"Umewaambia unafanya kazi gani?" nikamuuliza.

"Nimewaambia."

"Na bado wakakuchukua?"

"Funga domo, Dewey. Kajaze matairi ya watu."

Siku tatu kwa wiki saluni ilifungwa, na kila mtu alijua anakokwenda. Siku zilizobaki nilisikia mkasi tu. Hata habari za mvua hakuzungumza, akiogopa ulimi utateleza. Watu walimtania, wakamtega, wakamletea keki ya pichi ikiwa ya moto. Keki alikula.

Opal hakutania. Ijumaa moja nilimsikia kupitia ukutani.

"Nijibu kitu kimoja tu, shoga. Watashtakiwa?"

"Inamisha kichwa nikuoshe."

"Rowena, Garth ndiye aliyekuwa akikutengenezea hita kila baridi. Sikuombi useme. Tikisa kichwa tu, ndiyo au hapana."

Maji yaliendelea kutiririka.

"Basi wamekununua," Opal akasema. "Na bei yako ilikuwa rahisi!"

Akatoka nywele zinachuruzika, akavuka barabara hadi kwa yule kijana anayenyoa kwa mashine, kichwa kimoja dakika saba. Nilitaka kumfuata nimweleze, lakini Rowena alikuwa mlangoni na taulo mkononi.

"Mwache," akasema. "Nikifungua mdomo mimi, mawakili wa kampuni ndio watakaopita humo humo."

Alirudi ndani akalia, na ukuta ule haufichi kitu. Nilimheshimu siku hiyo kuliko siku zote.

Baraza likatoa uamuzi: mashtaka kumi na manane ya kuua bila kukusudia. Wajuaji wakasema kampuni haina mikono ya kutiwa pingu, sasa mtamfunga nani? Kweli haina mikono. Ila ina mkubwa wake, na mkubwa ana miguu, na siku ya kesi jaji alimsimamisha juu ya miguu hiyo. Picha ya marehemu wa kwanza ikawekwa ukutani, jaji akasoma jina, akauliza kampuni inajibu nini.

"Ina hatia."

Picha nyingine, jina jingine. Mara kumi na nane. Kwenye la tano mkubwa aliomba maji. Jaji akangoja anywe, akaendelea. Garth alikuwa wa kumi na moja. Opal alisimama aliposikia jina, na hakuna askari aliyemwambia akae. Mimi nilifurahi, na sioni haya kusema.

Baadaye jaji akaruhusu maneno ya kile chumba kilichofungwa yachapishwe gazetini, wajumbe wakitajwa kwa namba tu. Ijumaa hiyo nilisikia kengele ya mlango wa saluni, kisha sauti ya Opal, baada ya miezi tisa. Nikazima mashine ya upepo.

"Nakusomea," Opal alisema. Gazeti likachakarisha. "'Mjumbe wa saba: Hiyo pini ya chuma iliyokatika ikaangusha waya, ilikaguliwa lini? Shahidi: Kila mwaka, kwa helikopta. Mjumbe wa saba: Nauliza, nani aliigusa? Shahidi: Sijaelewa swali. Mjumbe wa saba: Kwa mkono. Nani alipanda akaigusa? Shahidi: Kwenye kumbukumbu zetu, hakuna. Mjumbe wa saba: Tangu lini? Shahidi: Tangu mnara uliposimamishwa.'"

Gazeti likakunjwa.

"Ni nani huyu mjumbe wa saba?"

"Niliapa, Opal. Hata leo siwezi kusema."

"Nani kakwambia useme?" Nikasikia kiti kikilia chini ya mtu. "Yule wa dakika saba kaniharibu, hebu ona. Haya, nimekaa. Gusa."