Juu ya Msimbazi, Chini ya Msimbazi

Wakati huo Kariakoo nzima haikuwa na mtu wetu mwingine mwenye diploma ya ujenzi wa barabara. Niliipata Uganda, kwa nguvu zangu, bila kubebwa na mtu. Niliporudi nikapewa kusimamia kipande cha barabara kinachovuka Msimbazi kwenda Magomeni. Kwanza kuna daraja, unapita juu ya mto. Kisha barabara inashuka bondeni, na masika yakikolea mto ndio unaopita juu ya barabara. Mawe ya bonde lile niliyapanga mimi. Pembeni nikasimamisha vigingi vilivyopakwa chokaa, ili mtu ajue njia iko wapi chini ya maji. Majirani zangu waliving'oa wakapikia.

Mama alifariki katikati ya masika. Aliusia azikwe Magomeni, kando ya baba, na maji yalikuwa yanapanda. Tusingevuka adhuhuri ile, wosia ungebaki maneno.

Jeneza lilichukuliwa na watani wetu, Wanyamwezi wa mtaani. Ndiyo desturi yetu Wazaramo: mtani ndiye anayezika, na ana ruhusa ya kumdhihaki mfiwa. Mwisho wa daraja wakasimama.

“Mtani,” akasema kiongozi wao, mchukuzi wa sokoni, “mama yako hajui kuogelea. Yaonyeshe maji hiyo diploma, huenda yakapisha.”

Waombolezaji wakacheka.

“Na pua aishushe,” akadakia mwenzake. “Mvua itamwingia.”

“Twendeni,” nikasema. “Hapa si ngomani.”

Mjomba alinishika mkono. “Mtani hakasirikiwi, mjomba. Mtukane na wewe, acheke, tuvuke.”

“Mimi sitaniani na wapagazi.”

Kicheko kikakatika. Yule mchukuzi akaashiria, wakalitua jeneza taratibu, wakajitenga ukingoni mwa daraja.

“Basi sisi ni wapita njia,” akasema. “Mvushe kwa diploma.”

Nikawaita mjomba, shemeji na binamu zangu wawili, wakaliinua. Mbele yetu palikuwa na maji ya tope tupu, hakuna kigingi hata kimoja. Nikatangulia na viatu vyangu miguuni. Niliyasikia mawe chini ya soli, mawe niliyoyachagua kwa mkono wangu. Yalipoishia kushoto nilisema “kulia,” nao wakanifuata. Maji yalitufika kiunoni. Sanda ya mama haikupata tone. Kaburi tulichimba wenyewe, maana waliopaswa kulichimba walibaki ng'ambo wakitutazama.

Siku ya kuondoa matanga walikuja, bila kuitwa. Wanne walibeba mkeka uliokunjwa kama jeneza. Mchukuzi alitangulia, pua juu, akipapasa ua wangu kwa nyayo na kusema “kulia, kulia,” mpaka akajigonga ukutani. Watu wote walicheka. Mjomba alicheka hadi machozi, mjomba huyo huyo niliyemvusha.

Niliingia ndani nikafunga mlango. Wanasema niliukata utani wa ukoo siku ile. Naam, niliukata, na sijauunga. Maji yalipopungua nilirudi bondeni nikasimamisha vigingi vingine, safari hii vya chuma. Chuma hakiwaki.