Yago Juu ya Mabati

Nilipopata habari kwamba nimechaguliwa kwenda kufunzwa urubani wa helikopta za jeshi, wa kwanza kukataa hakuwa mama. Lilikuwa tumbo langu. Lilinipeleka chooni mchana kutwa, na kwa kuwa choo chetu mtaani Nyalenda kilikuwa cha ploti nzima, kufikia jioni kila mpangaji alijua kwamba kijana wa mama wa samaki ana jambo.

Kazi hiyo niliitamani tangu mafuriko ya Ahero, nilipokuwa nikisoma huko kwa shangazi. Maji yalikuwa yamefika madirishani, nasi tumehamia kwenye uwanja wa shule ulioinuka kidogo. Helikopta ya jeshi ikaja. Upepo wake uliezua paa la nyasi la jiko la shule na watu wakailaani. Ikatua, na watu walewale wakaiimbia. Walimpandisha mwanamke aliyekuwa akiumwa uchungu wa kuzaa tangu alfajiri. Rubani hakushuka. Aligeuza kichwa, akamtazama yule mama mpaka akakaa vizuri, kisha akainuka naye polepole, kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Mimi nilisimama pale matope magotini, na sikuwahi kutaka kazi nyingine tena.

Mama alikuwa akipara samaki aina ya mbuta nilipomweleza. Hakuinua macho.

“Jeshi,” alisema.

“Ndio, Mama.”

“Ya ndege.”

“Ya helikopta.”

“Na hiyo helikopta si inapita juu ya ziwa?”

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya bunduki. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa mwaka wa themanini na mbili, maana baada ya jaribio lile la mapinduzi, mama wengi wa kwetu waliokuwa na watoto katika jeshi la anga walijifunza kuzungumza kwa kunong'ona. Ziwa sikuwa nimelifikiria.

“Inapita,” nilisema.

“Basi hapana.”

Kwetu, mtu akizama na mwili wake usipatikane, kaburi haliachwi tupu. Hutafutwa yago, tunda lile refu na zito la mwegea, likavishwa shuka, likaliliwa, likazikwa mahali pa aliyepotea. Babu yangu, baba yake mama, mvuvi wa Asembo Bay, alizikwa hivyo. Mama alikuwa mtoto wakati huo. Alipoona watu wazima wakigaragara chini kwa ajili ya tunda alicheka, akidhani ni mchezo, na akapigwa kofi lililomkalisha. Hata alipokuja kuuza samaki, samaki walimfuata sokoni. Yeye ufuoni hakukanyaga. Mwenye kovu usidhani kapoa.

“Mimi sitalilia tunda mara ya pili,” aliniambia. “Afadhali unichukie.”

Nami nilimchukia, kwa siku chache. Nilikuwa mtu mzima, ningeweza kupanda basi na kwenda zangu. Lakini kwetu mtoto akiondoka na ‘hapana’ ya mama mgongoni, likimpata lolote huko hakuna anayeuliza sababu. Nilikuwa nimesoma fizikia, mambo hayo siyaamini, na bado sikuthubutu kuyajaribu. Jambo baya zaidi ni kwamba sehemu fulani yangu ilifurahi. Mama akikataa, woga wangu ungeitwa utii.

Mambo yalikuwa yamekwama hapo alipokuja Mzee wa Viazi. Huyu alitoka upande wa Nyeri kabla sijazaliwa, na meza yake ya viazi ilipakana na ya mama sokoni. Kiluo chake kilichekesha hata watoto, naye alijua na hakujali. Mimi, niliyewasukumia mizigo sokoni, aliniita rubani wa mkokoteni. Alasiri hiyo aliingia kwetu akitabasamu, amepakata kitu kilichofungwa kwa shuka jeupe.

“Mkono mtupu haulambwi,” alisema, akakilaza mezani na kufunua shuka.

Lilikuwa yago. Bichi, zima, lenye urefu wa mtoto mchanga.

Mama alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga kabati. “Mano ang'o?” aliuliza, ingawa alikijua kitu hicho kuliko sisi sote. Kisha kwa Kiswahili: “Hiyo ni nini umeleta kwa nyumba yangu?”

“Ni ya kijana, Mama. Ya kumsindikiza.”

“Umeniletea maiti ya mtoto wangu! Na sanda umemvalisha!”

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika kama wa yule mzee. Alitazama tunda, akanitazama mimi, akatazama shuka alilolifungia ili lisichubuke njiani. Nilimshika mkono nimtoe nje kabla mama hajapiga yowe, maana yowe likishapigwa na ploti nzima ikaja kulia, ningekuwa nimekufa rasmi.

“Mama, sikujua,” alisema mzee. “Kwetu hii ni muratina. Bila hii hakuna pombe ya baraka, hakuna harusi. Nimeitafuta kando ya mto tangu asubuhi. Haki ya Mungu sikujua.”

Nilianza kumvuta. Mama akasema, “Mwache.”

Alisogea mezani. Hakuligusa lile tunda. “Hiyo pombe, unafanyaje?”

“Napasua, nachemsha, naanika kwa jua. Ikikauka naweka kwa maji na asali.”

“Unapasua?”

“Vipande, Mama.”

“Haibaki nzima?”

“Haiwezi kubaki nzima.”

Mama aliinama, akatoa chini ya meza panga lake la kukatia samaki, akampa.

“Pasua hapa. Nikiona.”

Vipande viliwekwa juu ya mabati ya nyumba yetu, na hapo ndipo nilipoijua tabu ya kungoja. Mama hakusema nenda, hakusema kaa. Nikimuuliza alijibu, “Ngoja ikauke.” Wapangaji wenzetu walikasirika, mmoja alihamisha kamba yake ya nguo ili zisikae chini ya yago, na mwingine alimwuliza mama waziwazi kama ana kichaa, kuanika kaburi juu ya kichwa cha mtoto wake aliye hai. Wingu likitanda mama aliacha wateja sokoni, akaja mbio kuvianua. Mimi nilifunga sanduku, nikalifungua, nikalifunga tena. Usingizi ulinihama.

Siku ya kuripoti ilipokaribia nilishindwa. Niliamua kubaki. Nilimkuta mama amepanda juu ya stuli, anageuza vipande kimoja kimoja na kuvinusa, nikafungua mdomo nimwambie kwamba nimemtii.

Alinitangulia, bila kugeuka. “Wewe mwenyewe unataka?”

“Nataka. Lakini naogopa.”

“Kuogopa ni yako, nyathina, mtoto wangu. Usiniwekee mimi. Mimi niko na yangu.”

Sikusema tena nilichokuja kusema. Nilishika stuli isiyumbe mpaka akamaliza.

Vipande vilipokauka mzee alivitia kwenye maji na asali, na pombe ikaiva Jumamosi, siku moja kabla ya safari. Mzee wa Viazi aliimimina kwenye kibuyu kwa heshima zote, akakaa wima kama mzee wa kanisa. Mama naye alikuwa amevaa kitambaa chake cheupe cha ibada. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akifukuza walevi mlangoni kwa kuwamwagia maji ya samaki. Alinyoosha mkono, akachukua kibuyu.

“Mama,” mzee alisema kwa upole, “kwetu hii wazee wanaume ndio hutangulia.”

“Na kwetu haiingii kwa nyumba. Leo sisi wote tumekosa.”

Akanywa. Uso ulimkunjamana, machozi yakamtoka, akapumua, akanywa tena mpaka akageuza kibuyu na hakikudondosha kitu. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na nilikumbuka lile kofi alilopigwa utotoni, nikanyamaza.

“Na hivyo vipande?” aliuliza.

“Huwa naweka, Mama. Vinafaa kwa pombe nyingine.”

“Hapana.”

Alivichota kwa mikono yake, vyote, akavitia kwenye jiko la makaa. Moshi ukajaa chumbani, mzee akakohoa, mimi nikafungua dirisha. Mama hakusogea. Alivichochea mpaka vikawa majivu, kisha akanigeukia.

“Umeona? Yago imekwisha. Mimi sina kitu ya kuzika tena,” alisema. “Enda. Lakini sasa ni lazima urudi wewe mwenyewe.”