Jicho la baba mkwe

Leo nimeshika saba ya turufu na tumefungwa.

Nimekuja Lionja kusalimia ukweni. Baada ya chakula tukatandika mkeka tucheze karata, mimi na baba mkwe dhidi ya shemeji zangu wawili. Watakaofungwa wanakwenda kuchota maji.

Mwishoni mkeka umejaa karata nono. Saba yangu inazoa zote, labda mtu awe na ree ya turufu, karata pekee inayoipita. Na baba mkwe keshacheza, anayecheza baada yangu ni shemeji.

Niitoe au niibane?

Nainua macho, baba mkwe ananikonyeza.

Angekuwa mwenzangu wa kijiweni ningeelewa. Lakini huyu ni mzee wa watu, ana kofia yake ya swala kichwani. Nikainama kwa heshima.

Akakonyeza tena.

"Pole na jicho, baba. Nikuletee maji unawe?"

Shemeji zangu wakacheka mpaka wakalala. Nikaibana saba yangu, wakazoa zote.

Baba mkwe akafunua taratibu karata aliyobaki nayo. Ree ya turufu.

"Yale maji, mkwe," akasema, "sasa twende tukayachote."

Ndoo zote nimebeba mimi. Nyie wenye wakwe, mkonyezo wa baba mkwe huwa mnaujibuje?